Vioo Viwili na Mgongo wa Mwenyekiti

Mwaka wa vita, wakati vijana wa rika langu walikuwa wakipanda malori kwenda kaskazini huku wanaimba, mimi nilikuwa natafuta ruhusa ya kwenda Dar es Salaam kusomea mvutano. Nazungumzia mvutano ule unaoshusha mkungu wa ndizi chini ukishakatwa, na unaoushika mwezi usituponyoke. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani anasoma kumbukumbu za shujaa.

Nilikuwa na digrii ya kwanza, kazi ya kufundisha hisabati katika sekondari moja kule Biharamulo, baiskeli isiyo na breki ya mbele, na nafasi ya kurudi chuo kikuu kwa digrii ya pili. Nafasi hiyo ilikuwa na sharti. Tawi la Chama la kijijini kwetu, watu walionijua tangu natambaa, lazima likae na kukubali kwamba mimi ni raia mwema na kwamba ninachotaka kusoma kina faida kwa taifa. Kuhusu wema sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa sikuwa nimepata nafasi ya kufanya uovu wa maana. Faida ndiyo iliyoninyima usingizi. Tawi lingekaa Jumamosi mchana. Likisema hapana, nafasi ingekwenda kwa mwingine, nami ningerudi kufundisha vipeuo vya pili mpaka meno yanitoke.

Kwanza niseme kilichonipagawisha.

Muhula wa mwisho chuoni, mhadhiri wetu aliandika ubaoni mlinganyo wa mvutano. Ulikuwa mfupi kama salamu. Kisha akaanza kuufungua, na ukajaza ubao, ukahamia ubao wa pili, akafuta, ukaendelea. Kila kisichojulikana kilikuwa kimefungwa na vingine vyote, kama mbuzi waliofungwa kamba moja: ukimvuta mmoja, wote wanakuja wakilia. Majibu machache sana yalikuwa yanajulikana, na kila moja lilikuwa limekula ujana wa mtu.

"Sasa tupunguze uchoyo," mhadhiri akasema. "Tuchukue kitu kitulivu."

Ulimwengu wa mvutano una pande nne, tatu za kutembea na moja ya wakati. Chukua nyota inayozunguka mahali pake bila kuyumba, leo kama jana. Wakati hauleti jipya, kwa hiyo uache. Tena nyota hiyo ni duara kuzunguka mhimili wake kama chungu kilichofinyangwa vizuri, kwa hiyo upande wa kuizunguka nao uache. Zinabaki pande mbili. Tulitegemea kwamba tatizo litakuwa dogo, basi. Lakini ukitupa ule upande wa kwanza, milinganyo inaonyesha ulinganifu ambao hakuna aliyeuweka. Unachukua jibu unalolijua, unaligeuza ndani kwa ndani, na linatoka jibu lingine, nyota nyingine, halali kabisa. Ukianza kwa kutupa ule upande mwingine, unapata ulinganifu wa pili, ndugu wa ule wa kwanza lakini si yeye. Kila mmoja peke yake ni mnyenyekevu, ana njia chache tu za kugeuza na unammaliza kwa ukurasa mmoja.

Raha inakuja ukiwachanganya. Geuza kwa wa kwanza, halafu kwa wa pili, kisha anza upya kwa kubadilisha zamu: hupati kitu kilekile. Ndugu hawa hawapatani nani atangulie, na kila ugomvi wao unazaa njia mpya ya kugeuza ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Hiyo mpya nayo inagombana na wazazi wake, inazaa nyingine. Haiishi. Unabaki na aljebra yenye njia zisizo na idadi, imejificha ndani ya milinganyo ambayo watu walikuwa wakiitazama kwa miaka mingi bila kuiona. Kutoka nyota moja unapata ukoo usio na mwisho. Na kulikuwa na tetesi, wakati ule bado tetesi tu, kwamba unaweza kuanza na utupu, anga tambarare lisilo na kitu chochote, ukageuza na kugeuza mpaka uifikie kila nyota ya namna ile.

Utupu, halafu nyota! Nilitoka darasani nikitembea kama mtu aliyeambiwa mkewe amejifungua mapacha. Nilitaka kuithibitisha tetesi ile mimi.

Haya, sasa kaieleze kamati ya tawi. Kwa Kiswahili. Wakati wa vita.

Kijiji chetu, upande wa Murusagamba, kilikuwa kimeteremshwa kutoka vilimani miaka michache kabla, ambako kila familia iliishi katikati ya migomba yake, kikapangwa kando ya barabara. Kilikuwa na ulinganifu wa kuonekana kwa macho. Nyumba zilisimama mstari mmoja, milango inatazama barabara, jiko nyuma ya nyumba, choo nyuma ya jiko. Ukiusogeza mstari wote kwa nyumba moja, hakuna kinachobadilika. Walevi walilithibitisha hilo kila siku ya gulio: waliingia ndani, wakavua viatu na kudai chakula kwa mke wa jirani. Lakini kubanwa kwetu kulikuwa kumefichua na mengine. Tulipoishi kila mtu na migomba yake, hakuna aliyejua kwamba wanaume wote wa kijiji wanasema uongo uleule kwa wake zao kwa maneno yaleyale. Tulipobanwa, tulisikia. Ndivyo milinganyo ilivyo. Ulinganifu ulikuwamo siku zote, ila hauonekani mpaka uibane.

Nilimjaribia shangazi yangu mfano huo. Nilikuwa nimefikia kwake.

"Utawaambia kamati kwamba wanasema uongo?" akauliza, huku anachambua maharage.

"Ni mfano, shangazi."

"Mwana wanje, mwanangu wee, utafungwa kwa mfano."

Jibu lilinijia Ijumaa asubuhi nikinyoa ndevu. Shangazi alikuwa na kioo cha ukutani chenye fremu ya mbao, kilichokuwa zawadi ya harusi yake. Mimi nilikuwa na kioo kidogo cha mfukoni, nikakiinua ili nione kama nimebakiza nywele kisogoni, na pale ndani ya kioo cha shangazi nikaona watu. Uso wangu, kisogo changu, uso wangu, kisogo changu, mstari unakwenda, unapungua, unageuka kijani kidogo, unapinda na kupotelea mbali kama barabara ya kwenda Bugarama.

Nikashusha wembe. Kioo kimoja ni kitu kinyenyekevu: kinageuza, ukigeuza tena umerudi ulikotoka, kazi imekwisha. Kioo cha pili vivyo hivyo. Lakini viweke vitazamane na havitamaliza kazi mpaka mwisho wa dunia. Huo haukuwa mfano wa kuokota tu. Ukiivua ile aljebra yangu nyama zote ukabaki na mifupa, mifupa yenyewe ni hii: vioo viwili vinavyotazamana. Nilikuwa nimeijua habari hiyo kwenye karatasi, kwa herufi. Sasa nilikuwa nimesimama ndani yake na povu la sabuni kidevuni.

Nilitoka mbio.

"Shangazi! Nimeiona!"

"Nini? Ndege?" Akaangalia juu. Siku hizo kila aliyepiga kelele alikuwa ameona ndege za vita.

"Haina mwisho, shangazi! Imo ndani ya kioo chako!"

Alinitazama uso uliokuwa umenyolewa nusu. "Baba yako naye alianza hivihivi," akasema, "akaishia kuoa." Akarudi kwenye maharage yake.

Kioo kidogo cha mfukoni kisingetosha mbele ya kamati. Nilihitaji kikubwa cha kutazamana na cha shangazi. Kikubwa nilichokijua kilikuwa cha kinyozi wa gulioni Bugarama, kipana kama meza, na mtu alijiona kuanzia utosini mpaka kiunoni. Jumamosi alfajiri nikapanda baiskeli.

Kinyozi alikuwa mtu wa maswali. "Unakwenda kuoa?"

"Nakwenda kwenye kikao cha tawi."

"Na kioo?"

"Ni cha kuelezea elimu ya mvutano."

Alikifikiria kioo chake, akanifikiria mimi. "Kikivunjika, utakuwa unakuja hapa kila gulio kuwaambia wateja wangu wanafananaje," akasema. Kisha akanifunga nacho mgongoni kwa kamba ya katani. Nilitaka uso wa kioo ulale mgongoni kwangu usikwaruzwe. Alikataa katakata, akisema jasho la walimu lina chumvi. Kwa hiyo uso wa kioo ukatazama nje.

Hapa inabidi nieleze jinsi tulivyoishi miezi ile. Ilisemekana ndege za adui zinaweza kuja wakati wowote kwa upande wowote, ingawa sisi tulikuwa mbali na mapigano, pembeni kabisa mwa mkoa. Kila bati la kijiji lilikuwa limefunikwa, maana bati linang'aa. Yalikuwa mabati machache: shule, kanisa, na nyumba ya mwenyekiti, na yote yalikuwa yamevikwa majani ya migomba hadi yakaonekana kama vichuguu vikubwa. Akina mama walianika sufuria kivulini. Mtu mwenye jino la dhahabu alitaniwa afunge mdomo.

Katika hali hiyo, mwalimu mwenye digrii alitoka Bugarama jua likiwa limekwisha kuchomoza, akapanda vilima na kuteremka mabonde akiwa na kioo kipana kama meza mgongoni, kimetazama mbinguni.

Nilikuwa na furaha kupita kiasi. Kichwani nilikuwa napanga maneno. Niliona watu wakikimbia kutoka mashambani kuingia migombani, nikadhani mvua inakuja. Niliona mwanga mweupe ukitambaa juu ya mteremko wa ng'ambo, ukirukaruka pamoja na mashimo ya barabara, nikajisemea mawingu leo yana mambo. Mama mmoja alinipungia mikono yote miwili kwa nguvu. Nami nikampungia.

Mbele kidogo ya kijiji chetu mtu alitoka kwenye mihogo, akasimama katikati ya barabara na kunyoosha bunduki. Alikuwa mgambo wetu, baba wa watoto wengi, wa moja ya familia zilizotoka Burundi na kupewa mashamba hapo. Bunduki ilikuwa ya mti, kama za mgambo wote wa kijiji, lakini aliishika kwa namna ambayo hukutamani kuhakikisha.

"Simama! Mikono juu!"

"Baiskeli haina breki ya mbele!" nikapiga kelele, nikampita, nikasimama ndani ya mihogo.

Alikuja akihema. "Mwarimu? Ni wewe?" Aliniwekea mkono begani, kwa huzuni ya kweli. "Mwarimu, tangu asubuhi tunakuona unaongea na ndege."

"Ndege gani?"

"Hizo unazoziita."

Nilianza kumweleza kuhusu milinganyo. Akanionea huruma zaidi.

Hivyo ndivyo nilivyofika mbele ya kamati, kabla ya wakati wangu, nikiwa nimetanguliwa na bunduki ya mti. Kikao kilikuwa ghalani, kati ya magunia ya maharage yaliyokuwa yakingoja lori la kuyapeleka kwa askari. Mwanga uliingia kupitia mlangoni. Wajumbe walikaa juu ya magunia, na mwenyekiti kwenye kiti pekee.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti, anayependa kazi. Nasema bila kejeli: hakuna aliyebeba magunia mengi kuliko yeye katika kuchangia vita. Alikuwa na suti moja, ya kijani, ile ya shati na suruali, aliyoivaa kwenye vikao vyote. Hotuba yake ilikuwa moja pia, kuhusu kujitegemea na kuhusu mabeberu wanaotuletea chakula ili watufunge midomo. Shati la suti hiyo lilikuwa limechanika mgongoni wiki chache kabla kwa kubeba magunia, na mkewe alikuwa ameliwekea kiraka.

"Ndugu Mwalimu," akasema mwenyekiti, "tulikuwa tukutane hapa leo tuseme kama unafaa kwenda kusoma. Sasa inabidi tuseme kwanza kama unafaa kulala nyumbani. Kioo ni cha nini?"

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba. Kioo ni cha nini?"

"Ni cha kuelezea ninachotaka kusoma."

Mjumbe mmoja aliguna. Alikuwa mzee wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, akakaa kwanza Nyamahanga kabla ya kufika kwetu, na alikuwa mtu wa kupenda kuona mwisho wa jambo. "Mwacheni aeleze, mwanawane huyu," akasema. "Akiwa mpelelezi, ni mpelelezi wa ajabu. Amepunga mikono njia nzima."

Wakati huo shangazi alikuwa amesikia, akaja, akasimama mlangoni na kioo chake cha harusi kifuani. "Alikuwa anataka na hiki," akaiambia kamati. "Kikivunjika namshtaki mimi kabla yenu."

Nilivipanga. Kioo cha kinyozi nilikiegemeza kwenye magunia ya mbele. Cha shangazi nikampa mgambo akishike nyuma. Aliegesha bunduki ukutani, akakipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa kubatizwa. Hofu nilikuwa nimeisahau barabarani.

"Ndugu wajumbe," nikasema, "mvutano unashika kila kitu, nyota, dunia, magunia haya. Sheria yake tunayo, lakini ni ngumu, hatujui inaruhusu nini na nini. Sasa imegundulika kwamba ndani ya sheria hiyo kuna kitu kama vioo viwili vimejificha. Kioo kimoja hakina makuu. Unajiona, basi. Lakini vikitazamana... Ndugu Mwenyekiti, tafadhali, simama hapa katikati."

Alisimama kwa heshima zote, akavuta shati lake likae vizuri. Nilimwambia mgambo ainue kioo, kidogo zaidi, kidogo upande, hapo.

Wajumbe waliinuka kwenye magunia, wakasogea na kuchungulia mabegani mwa wenzao. Ndani ya kioo cha kinyozi wenyeviti walikuwa wamejipanga, uso, mgongo, uso, mgongo, wanakwenda ndani, ndani zaidi, mpaka macho yanakataa.

"Yeee," akasema mzee wa ng'ombe.

"Wote hawa ni mimi?" akauliza mwenyekiti kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kabla wala baada ya hapo.

"Wote!" nikasema. "Na hawaishi! Hakuna wa mwisho! Kila unayemwona, nyuma yake yupo mwingine, na hakuna aliyewaweka, ni vioo viwili tu vimetazamana! Sasa fikiria badala ya mtu ni nyota—"

Hapo ndipo macho yangu yalipotua kwenye migongo, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekifikiria hata kidogo. Kulikuwa na maandishi mgongoni. Na yalisomeka! Kila mtu aliyewahi kuweka gazeti mbele ya kioo anajua kwamba herufi hugeuka. Hizi hazikugeuka. Nikapiga hesabu palepale: uso unaouona umegeuzwa mara moja, au tatu, au tano, na mgongo mara mbili, au nne, au sita. Kwa hiyo nyuso zote zimekaa kinyume, na migongo yote imekaa sawa, yote, bila mwisho! Ulinganifu ulikuwa unajiandika wenyewe kwa herufi kubwa.

"Tazameni!" nikapiga kelele. "Migongo inasomeka! Inasomeka yote!" Na kwa furaha ile, nikaisoma kwa sauti na kuwafasiria, kidole kikienda kutoka mgongo hadi mgongo: "Zawadi! Si ya kuuzwa! Zawadi, si ya kuuzwa! Zawadi, si ya kuuzwa! Kutoka kwa watu wa..."

Nikaishia hapo. Nilikuwa nimefika kwenye jina la nchi. Na chini ya maandishi, ikishikana kwa urafiki mgongo baada ya mgongo mpaka upeo wa macho, ilikuwapo ile mikono miwili ambayo kila aliyekula unga wa njano mwaka wa njaa anaikumbuka, maana ilichapwa kwenye kila mfuko.

Mke wa mwenyekiti alikuwa ameweka kiraka imara. Mifuko ile ilikuwa ya kitambaa kizuri.

Nilijiona nikizeeka Biharamulo na kipande cha chaki mkononi.

"Imeandikwa nini?" akauliza mwenyekiti, bila kugeuka. "Rudia polepole."

Nikarudia, polepole, pamoja na jina la nchi.

Alitazama mstari wake mrefu. "Nimevaa hivi siku ngapi?"

Mjumbe mmoja alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

"Nilipotoa hotuba ya mabeberu?"

"Ulikuwa umevaa," akasema mzee wa ng'ombe. "Mikono tuliiona. Kizungu hatusomi. Tulidhani unajua. Tulisema, mwenyekiti kapata urembo."

Shangazi alikohoa kule mlangoni, kikohozi cha kuzuia kitu kingine. Mgambo alikuwa anatetemeka mabega, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika kioo, wenyeviti wote mpaka mwisho wa dunia walianza kutikisika, kana kwamba nao wanacheka.

Mwenyekiti aliwaangalia wakitikisika. Kisha akarudi kwenye kiti chake, na kabla ya kukaa akakisogeza hadi mgongo wa kiti ukagusa magunia.

"Ndugu wajumbe," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi. "Jumatatu ninakwenda Ngara. Kuna mkutano wa wilaya. Nimepangwa kusimama mbele, niseme mchango wa kijiji chetu. Wakubwa watakaa nyuma yangu, jukwaani. Na wakubwa wanasoma Kizungu."

Alituacha tuione picha hiyo. Niliiona vizuri sana. Waliokaa karibu yangu nao waliiona, maana mmoja alishika kichwa.

"Adui angeniacha niende," akaendelea. "Huyu hakuniacha. Kwa hiyo suala la upelelezi nalifunga. Limebaki suala la faida." Akanielekezea kidole. "Mwalimu, elimu hii yako, kazi yake ni kuonyesha kilichokuwapo siku zote na mwenyewe hakioni?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi baiskelini, hakuna hata moja lililokuwa zuri kama hayo. "Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti. Ndiyo hasa."

"Mimi nina swali," akasema mzee wa ng'ombe. "Kama haina mwisho, utarudi lini?"

Ghala likalipuka kwa kicheko, na nafikiri kilikuwa kile kilichokuwa kimezuiwa. Hata mwenyekiti alicheka, akiwa amebana mgongo kwenye magunia.

"Asirudi haraka," akasema. "Ndugu wajumbe, naona ni elimu ya faida kubwa kwa taifa. Naona pia ni elimu ya kufanyiwa mbali na hapa. Wanaokubali?"

Mikono yote ilipanda. Wa mgambo haukupanda kwa sababu alikuwa ameshika kioo cha shangazi, lakini alinyanyua kiwiko.

Nilikwenda. Nilirudisha kioo cha kinyozi kwanza, safari hii kimefungwa ndani ya blanketi, na mgambo alinisindikiza ili watu wasikimbie mashamba yao.

Msomaji atataka kujua kama niliithibitisha tetesi. Sikuithibitisha. Nikiwa bado napigana na ukurasa wa mwanzo, zilifika habari kwamba wengine, huko mbali, wameshaifunga kazi hiyo. Kutoka utupu, kwa kugeuza na kugeuza, unazifikia nyota zote zile. Ilikuwa kweli. Wenzangu walidhani nitalia. Nilinunua soda mbili nikazinywa zote mwenyewe, kwa shangwe, kwa sababu ilikuwa kweli. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuandika makala kuhusu vitu vilivyogunduliwa na wengine, kazi inayohitaji shangwe nyingi na akili ya wastani, na ndicho kipimo nilichojaliwa. Nasikia wataalamu wamechukua nadharia za mvutano zenye pande nyingi zaidi, wakazibana na kuzibana, na kilichochungulia ni aljebra ambayo mifupa yake ni vioo kumi. Vioo kumi! Hakuna anayejua bado inaishia wapi wala ina maana gani. Niliposoma hayo nilitoka nje tena mbio, mtu mzima na tumbo langu, na hapakuwa na shangazi wa kumwambia.

Lakini nilitaka kusema kuhusu siku niliyoondoka kijijini. Lori la maharage ndilo lililonichukua, na mwenyekiti alikuja kuliaga. Alikuwa na suti yake ya kijani, na mkewe alikuwa ameweka kiraka kipya juu ya kile cha zamani, cha khaki tupu, hakina hata nukta. Alikuwa amerudi kutoka Ngara amesifiwa. Watu waliniambia kwamba tangu kikao kile hatangulii tena njiani kama zamani. Wakitoka shambani au mkutanini, anawaacha wote wapite, yeye anafuata wa mwisho kabisa, na vijiji vya jirani vimeanza kumsema vizuri kwamba ni kiongozi asiyejikweza.

Alinipa mkono. "Kasome hiyo isiyo na mwisho," akasema. "Ukiona na mwingine wa huko ana jambo mgongoni, mwambie. Lakini kwa sauti ya chini."

"Nitafanya hivyo, Ndugu Mwenyekiti."

Lori likaguruma. Mwenyekiti aliinua mkono na kuanza kurudi kijijini kinyumenyume, hatua kwa hatua, akituangalia sisi tuliokuwa juu ya magunia, anatabasamu, kiraka chake kipya kikitazama nyumba zilizojipanga mstari, mpaka vumbi likamfunika.